Jiwe la Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa hajawahi kujichotea maji ya kuoga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonijia kichwani kila nikisikia watu wanasema vijana wa nchi hii wameonewa. Wapo walioonewa, sikatai. Kaka yangu hakuonewa na mtu. Alikuwa akiamka saa nne asubuhi, anakuta uji umefunikwa, anakuta ndoo ya maji imewekwa nyuma ya nyumba na sabuni pembeni, anaoga, anajipaka mafuta, anavaa shati alilopigiwa pasi ya mkaa na mama, halafu huyo, kijiweni, kulalamika kwamba serikali haimjali.

Kwetu ni Busunzu, wilaya ya Kibondo. Tulikuwa watu wanne pale nyumbani: baba, mama, kaka na mimi. Mama alilima muhogo na maharage, alichota maji, alitwanga, alipika, alifua. Baba alikuwa mstaafu. Sijui alistaafu kazi gani, maana tangu nizaliwe sikumwona akiifanya. Asubuhi aliketi upande mmoja wa nyumba kuota jua, jioni akahamia upande wa pili, na katikati ya hapo alikwenda kunywa pombe ya ndizi na wenzake na kuamua mambo ya kijiji. Kaka alikuwa anajifunza kazi hiyohiyo kwake, na kusema ukweli alikuwa mwanafunzi mzuri.

Mimi niliondoka mwaka 2012. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na hayakuwa na habari njema kwangu. Kaka naye miaka ya nyuma yalimtendea vivyo hivyo. Ila yeye alipofeli walisema anasubiri ajira, mimi nilipofeli wakanikabidhi jembe. Nikakaa miezi kadhaa nikimsaidia mama kuwahudumia wale mabwana wawili. Siku moja kaka akaniita kutoka jikoni nije nimpe kiatu chake kilichokuwa mbele ya miguu yake, na nilipoinama kukiokota nikaona nitazeeka hivihivi, nimeinama. Wiki ileile nikapanda basi kwenda Kasulu kwa mama mmoja fundi wa nguo, aliyekubali kunifundisha kushona nami nimfagilie na kumpikia. Baba akasema nitarudi kabla maharage hayajatoa maua. Maharage yakatoa maua, yakavunwa, yakaliwa, yakapandwa tena, mimi niko Kasulu nakanyaga cherehani.

Baadaye nikawa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitenge. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa Ujiji, mpole, ambaye aliniita binti fundi na hakunisumbua. Nilikuwa na chumba changu, kufuli yangu na sufuria yangu moja. Usiku wa kwanza nilijipikia ugali mwingi kupita kiasi kwa sababu nilizoea kupikia watu wanne, nikaula wote peke yangu, nikashiba mpaka nikacheka. Sijui kama watu wanaofunikiwa uji wanaijua raha ile. Mimi niliijua na sikutaka kuirudisha.

Mara moja tuliitwa vijana wote wa mjini kwenye ukumbi kuja kufundishwa kujitegemea. Nilifunga cherehani nikaenda, maana nilifikiri kuna la kujifunza. Mgeni rasmi alichelewa nusu siku. Alipofika, mtu alimfungulia mlango wa gari, mwingine akambebea mkoba, wa tatu akamvutia kiti, na alipotaka kunywa maji kuna kijana alikimbia kumfungulia kizibo cha chupa. Kisha akasimama akatuambia tuache kutegemea watu. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilisonya, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama kana kwamba nimejamba kanisani. Nikarudi barazani kwangu kumalizia suruali ya mteja.

Basi ukafika mwaka 2015, mwaka wa uchaguzi mkuu. Kadi za zamani zilikuwa hazifai tena. Kila mtu alitakiwa kujiandikisha upya kwa mashine za kisasa zinazosoma alama za vidole na kupiga picha, na ukitoka pale umepewa kitambulisho chako mkononi. Vijana wakakibatiza jina, wakakiita kichinjio, eti ndicho watakachowachinjia viongozi wabovu siku ya kura. Kila kijiwe ilikuwa kichinjio, kichinjio. Nilipopanga foleni alfajiri pale kituoni kwetu Kasulu, hao wachinjaji sikuwaona. Niliwaona akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo, na walimu wachache. Wachinjaji walikuja saa tano, wakaona foleni ndefu, wakasema mfumo una hila, wakaondoka.

Nilipofika mezani, mmoja wa mawakala wa vyama alinitazama mara mbili akaniuliza kama mimi si Mrundi. Miezi ile Warundi waliokimbia machafuko kwao walikuwa wakimiminika kwa mabasi kuelekea kambini, na sisi Waha lugha yetu na yao ni ndugu kabisa, kwa hiyo yeyote mwenye lafudhi ya nyumbani aliangaliwa kwa wasiwasi. Nikamwambia natoka Busunzu, na kama haamini apande basi akaulize. Akaona uso wangu ulivyo, akaniacha. Nikatoka na kitambulisho changu, nikakiweka ndani ya mfuko wa nailoni, nikakitazama njia nzima. Sikuwa nimetoka vizuri kwenye picha, lakini nilikuwa mimi.

Mashine zilizunguka kata kwa kata. Niliposikia zimefika kwetu, nikamshonea mama gauni. Mama alikuwa hana picha hata moja ya peke yake. Zile mbili tatu za harusi za watu yuko pembeni, nusu ya uso imekatwa. Nikasema safari hii atapigwa picha yake mwenyewe, na atapigwa akiwa amevaa kitu kipya chenye kola. Nikafunga safari kwenda nyumbani.

Nilifika jioni. Mama naye ndiyo kwanza alikuwa anaingia, ametoka shuleni kwenye kituo cha kujiandikisha, miguu imejaa vumbi mpaka magotini na ukucha wa dole gumba la mguu umepasuka. Tukaamkiana kwa kupiga viganja kama desturi yetu, mwakeye na mwakeye, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni, maana alikuwa amechoka hata kuchagua salamu. Nikamwomba anionyeshe kitambulisho. Akasema bado. Alikuwa amekwenda kwenye foleni siku zote tangu mashine ifike, na kila siku alirudi bure.

Hapa inabidi niwaeleze foleni za kwetu. Zamani, bomba la kijiji lilipokuwa hai, wanawake walipanga ndoo zao kwenye mstari tangu jioni, na asubuhi kila mmoja aliisogeza ndoo yake kwa mguu kadiri mstari unavyokwenda. Bomba lilikufa miaka mingi iliyopita na wanawake wakarudi kuchota mtoni, lakini desturi ya kupanga ilibaki. Pale kituoni watu walipanga mawe. Unaweka jiwe lako, umelitia alama ya mkaa au umelifunga kitambaa, na mstari ukisogea unalisukuma kwa mguu. Jiwe la mwanamume husukumwa na mkewe au mama yake. Mwanamume halisi hasimami juani kusukuma jiwe, anaitwa likifika mlangoni. Na jiwe la mwanamke hukaa nyuma ya mawe ya wanaume wa nyumba yake. Mwanamke akitangulia, atasemwa mpaka mavuno.

Baba alikuwa ameyapanga mawe yetu matatu mwenyewe, la kwake mbele, la kaka katikati, la mama mwisho. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya wiki ile. Siku ya kwanza mama aliyasukuma yote matatu, kulia, kushoto, kulia, tangu jogoo mpaka mchana. La baba likafika mlangoni, akaitwa, akaja anapangusa mdomo, akaingia, akapigwa picha, akatoka. Kuanzia hapo hakuondoka tena pale shuleni, maana alipewa nafasi ya kukaa kwenye benchi la mawakala, kumwakilisha rafiki yake aliyekuwa anagombea udiwani. Ni rafiki huyohuyo aliyekuwa akiahidi kufufua bomba kila baada ya miaka mitano.

La kaka likafika mlangoni siku hiyohiyo. Akapigiwa simu kijiweni. Akasema, nakuja. Kwetu mtu akisema nakuja, usiinuke kitini. Mama akasimama pembeni ya jiwe la mwanawe, akawaacha walio nyuma wapite, mmoja baada ya mwingine, maana baba alikuwa amemwonya asiliache jiwe la mtoto likapigwa teke. Jua likazama, mashine ikafungwa. Kesho yake akaanza tena mwisho wa mstari na mawe mawili, la kaka mbele, lake nyuma, na jioni ikawa yaleyale. Nakuja. Nakuja. Mtoto mwenyewe alikuwa na ndevu.

Nilipoyasikia hayo nilikaa juu ya kinu. Nilimtazama kaka aliyekuwa anakula. Nikamwuliza kijiwe na shule vina umbali gani. Akasema mimi nimekuwa mtu wa mjini siku hizi, sielewi siasa, na kwamba mwaka huu lazima kieleweke. Nikamwuliza kitaeleweka vipi kama hana kitambulisho. Akasema hatima ya nchi haiko kwenye foleni, iko kwenye fikra. Yaani alilisema hilo huku anamnyooshea mama sahani amwongezee mboga. Nilimdharau pale mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Halafu nikapata habari mbaya zaidi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mashine ilikuwa inahamia kata nyingine na hairudi. Nikamwambia baba kwamba mama ajiandikishe kwanza, jiwe la kaka litajijua. Baba hakukasirika. Angekasirika ningemheshimu kidogo. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba mama anaweza kusubiri uchaguzi mwingine, miaka mitano si mingi kwa mtu mzima, lakini kijana ana maisha mbele yake na atahitaji kitambulisho. Tena kura ya mama na ya kwake ni kitu kimoja, kwa sababu siku zote za kura huwa anaingia naye kumsaidia kuweka alama. Mama alikuwa anaosha vyombo na alisikia kila neno. Hakuinua kichwa.

Nilimpa lile gauni. Alilishika kola, akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza kama nimelishona mimi mwenyewe mpaka vifungo. Nikamwambia mpaka vifungo. Akalikunja vizuri akaliweka chini ya mto.

Asubuhi alilivaa. Nilipaswa kurudi Kasulu na basi la asubuhi, nikaliacha lipite, nikaenda naye shuleni. Uwanja wa shule ile ulikuwa na njia iliyopangwa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, kazi ya wanafunzi, na foleni ilikwenda sambamba na njia hiyo mpaka kwenye mlango wa darasa. Wanawake wengi kwenye mstari walikuwa na mawe zaidi ya moja miguuni. Walinisalimia, wakalisifu gauni, wakamtania mama kwamba leo anaolewa na mashine. Mama akasukuma jiwe la kaka kwa mguu wa kulia, akasukuma lake kwa wa kushoto. Jiwe la kaka lilikuwa kubwa, baba alilichagua kubwa ili lionekane. Lake lilikuwa la kuenea ndani ya ngumi.

Nilitaka kumsukumia, akakataa. Nilimpigia kaka simu mara tatu au nne. Nakuja. Mara ya mwisho nikasikia kelele za wenzake nyuma yake wakibishana kuhusu mpira. Nikamwambia akifika mlangoni kabla ya jiwe lake nitamshonea suruali bure. Akacheka, akakata.

Saa za mchana jiwe la kaka likafika kwenye ngazi ya darasa. Mwandikishaji akaita anayefuata. Mama akasimama pembeni ya jiwe kama alivyofanya siku zile nyingine, na mwanamke wa nyuma yetu akaanza kujiandaa kupita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie mama maneno makali, maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Sikuyasema, kwa sababu aliinama. Akaliokota jiwe la kaka kwa mikono miwili, akatoka nalo kwenye mstari, akalipeleka mpaka kwenye njia ya shule, mahali ambapo jiwe moja la chokaa lilikuwa limeng'oka, akalikaza palepale kwenye nafasi ile na kulikanyaga lishike. Kisha akarudi, akapangusa mikono, akapanda ngazi. Jiwe la kaka likapata ajira kabla ya mwenyewe.

Nyuma nikasikia mtu mmoja anacheka kwa pua.

Nilisimama dirishani. Ndani kulikuwa na mwandikishaji, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na mashine yake, na benchi la mawakala, na baba katikati ya benchi. Baba alikuwa ameona kila kitu kupitia mlango. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Kijana akamwuliza mama jina, akamwuliza alipozaliwa, na mama akajibu kwa Kiswahili chake chenye Kiha kingi. Alizaliwa kijiji cha mpakani, na aliposema hivyo wakala mmoja akainua mkono akasema huyu achunguzwe, asije akawa Mrundi. Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nani wa umri wake alikuwa nacho?

Kijana akainua macho, akauliza kwa upole, "Kuna mtu humu anayemfahamu huyu mama?"

Baba alitazama juu. Sitii chumvi. Mtu aliyekula chakula cha mama tangu kabla sijazaliwa, aliyelala naye kitanda kimoja, aliyefuliwa mpaka soksi, alitazama juu kwenye bati kama fundi anayetafuta panapovuja. Ni kwa sababu jiwe la mwanawe lilitolewa kwenye mstari. Nimewahi kuona watu wabaya, wezi, walevi, na dereva mmoja aliyegonga mbuzi wa mjane akakimbia, lakini sijaona uso mdogo kama ule. Mama alisubiri. Alimtazama mara moja tu, kisha akarudisha macho kwa kijana.

Sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa ya yule mwanamke aliyekuwa nyuma yetu, mwenye mawe manne.

"Sisi tunamfahamu," akasema. "Na mume wake ndiye huyo hapo anayehesabu mabati."

Wanawake wakaangua kicheko, kikapita mstari mzima mpaka barabarani. Kijana naye alishindwa kujizuia. Akamgeukia baba, akamwuliza kwa heshima zote, mzee, ni kweli? Baba akashusha macho kutoka kwenye bati, akasema kwa sauti ambayo nusu yake ilibaki kooni, kwamba ni kweli, ni mke wake, ni Mha wa hapahapa. Yule wakala akashusha mkono wake.

Vidole vya mama mashine ikavikataa. Muhogo na jembe vilikuwa vimekula alama zote. Wakamletea maji na sabuni, akanawa, akafutwa, akajaribu tena, ikakataa, akanawa tena, ikakubali. Nikawaza kwamba vya kaka ingevisoma mara moja, maana havijawahi kushika kitu. Kisha akaambiwa akae wima atazame mbele. Akaweka kola sawa. Picha ikapigwa.

Kaka alikuja jioni, wakati mashine inafungwa kwenye sanduku. Alivaa miwani ya jua ingawa jua lilikuwa limeshuka. Akatembea kwenye mstari ambao haupo tena, akauliza jiwe lake liko wapi. Wanawake waliobaki wakamwonyesha njia ya shule. Alilitafuta, mtu mzima, akiinamia jiwe moja moja kati ya mawe ya chokaa, mpaka akaliona, na alipoliona hakujua alifanyie nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akamwambia mama mbele za watu kwamba amemnyima haki yake ya kikatiba. Mama akamwambia ugali wake umefunikwa.

Nikarudi Kasulu. Miezi ya kampeni ikaja na nyimbo zake, fulana zake, na kofia zake. Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa kaka yuko mstari wa mbele kwenye mikutano yote, anapaza sauti kuliko wote, anawaambia watu watunze vichinjio vyao. Chake hakikuwapo, na hakuna aliyemwuliza. Kuna watu wamezaliwa na kipaji cha kutokuulizwa. Baba naye alikuwa akizunguka na rafiki yake mgombea, akipigia hesabu kura za nyumba yetu kama vile anahesabu mbuzi wake.

Siku ya kupiga kura nilipiga yangu Kasulu mapema, nikachovya kidole, nikafungua cherehani mchana kama kawaida. Wiki iliyofuata nikaenda Busunzu. Rafiki wa baba alikuwa ameanguka.

Kaka ndiye aliyenipokea, na nilijua kuna jambo maana alikuwa amenipokea mzigo, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Alitaka mtu wa kumlalamikia. Akanieleza kwamba mama amemwaibisha baba. Eti walifika kituoni pamoja, na baba akamwambia msimamizi, kama siku zote, kwamba mke wake hajui kusoma na yeye ataingia naye kumsaidia. Msimamizi akamwuliza mama kama anataka kusaidiwa. Mama akasema hapana. Akasema kwenye karatasi kuna picha, na macho anayo. Akachukua karatasi zake akaenda nyuma ya kile kiboksi cha kupigia kura peke yake, na akakaa huko muda mrefu, kaka akasema, muda mrefu mno kwa mtu mwenye alama tatu tu za kuweka. Baba alibaki amesimama na kofia mkononi, na watu wanamtazama. Na tangu matokeo yatangazwe baba hajala vizuri, kwa sababu anaamini kwamba mama ndiye aliyemwangusha rafiki yake.

Nilimwacha kaka na mzigo nikakimbia nyuma ya nyumba. Nilitaka kumkumbatia mama na nilitaka kujua. Tena nilitaka kujua kuliko kumkumbatia. Nilikuwa nimetengeneza jibu lote kichwani tangu pale nilipomwacha kaka: kwamba amemkataa yule mwongo wa bomba, kwamba amewalipa wote wawili siku moja. Nilitaka alitamke kwa mdomo wake, nami nirudi nalo Kasulu, niwahadithie wateja wangu.

Alikuwa anajifunga kanga kwenda mtoni, ndoo mbili ziko chini. Kitambulisho kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga, pale ambapo wenzake hufunga hela. Tukaamkiana. Hata sikusubiri salamu iishe. Nikamwuliza, mama, ulimchagua nani.

Alinitazama. Ni macho yaleyale aliyomtazamia baba siku ile ya kujiandikisha, mara moja tu, kisha akayaondoa.

"Baba yako aliniuliza tukiwa njiani," akasema. "Kaka yako akaniuliza kabla sijavua viatu. Wewe nilidhani umekuja kunisaidia maji."

Nikachukua ndoo moja, yeye akachukua ya pili. Akatangulia, nami nikamfuata nyuma mpaka mtoni, na hadi leo sijui.